Kamera na Jukwaa: Maswali ya Wasomaji

Hujambo dada? Nina miaka 22, naishi Nyalenda, Kisumu. Ninajikimu kwa kupiga picha za harusi, mazishi na mahafali, lakini moyo wangu uko kwenye muziki wa roki. Kuna bendi ya vijana wenzangu ninayoifuata kila inapocheza. Baba anasema hiyo si kazi, nirudi chuoni nikasomee uhasibu. Je, kuna mtu aliyewahi kula kutokana na picha za wanaroki? – G.O., Kisumu

Sijambo, mdogo wangu. Wapo. Ukikaa na baba yako, mwanzie Jim Marshall, mpigapicha Mmarekani aliyezaliwa 1936 na kufariki 2010. Jimi Hendrix alipoitia moto gitaa lake kule Monterey, California, mwezi Juni 1967, Marshall alikuwepo. Johnny Cash alipowaimbia wafungwa wa gereza la San Quentin mwaka 1969, alikuwa naye ndani. The Beatles walipofanya tamasha lao la mwisho la kulipiwa katika uwanja wa Candlestick Park, San Francisco, tarehe 29 Agosti 1966, aliruhusiwa kuwa nao nyuma ya jukwaa.

Mimi neno ninalolishika hapo ni "aliruhusiwa". Kamera nzuri wengi walikuwa nazo. Marshall alikuwa na imani ya wanamuziki, na imani hiyo hujengwa siku ambazo hakuna tamasha: kwenye mazoezi, wakati wa kupakia spika garini, au bendi ikisubiri stima irudi. Siku hizi mpigapicha wa matamasha makubwa ya Ulaya na Marekani kwa kawaida hupewa nyimbo tatu za kwanza tu, bila flashi, kisha anatolewa mbele ya jukwaa. Wewe hapo Kisumu unaweza kuwa na bendi yako tangu mchana hadi gitaa la mwisho lirudishwe kwenye mfuko. Itumie nafasi hiyo ungali nayo. Piga picha za vidole vya mpiga besi vilivyokobolewa na nyaya, za karatasi ya orodha ya nyimbo, za mama wa mpiga dramu akiwaletea chai. Bendi ikija kujulikana, wewe peke yako ndiwe utakayekuwa na mwanzo wake.

Wala usijifungie kwenye roki. Gitaa la umeme halikuingia Nyanza na vijana wa juzi. Wazee wa benga, muziki wa gitaa wa Waluo, walilifanya liongee kama nyatiti, kinanda chao cha nyuzi cha asili, na wako wanaolicheza hadi leo Kondele na vitongojini. Wapige picha kwa heshima ileile unayompa mwanaroki wako, na uwapelekee picha iliyochapishwa. Mzee aliyepewa picha yake mkononi atakufungulia mlango wa kila bendi anayoijua.

Kuhusu pesa nitakuambia wazi: usiache harusi. Picha za roki zitachukua miaka kabla ya kulipa kodi ya nyumba, na zikianza kulipa, mara nyingi itakuwa kwa kuuza picha za zamani kuliko kwa malipo ya usiku mmoja. Baba yako naye ana hoja. Kozi fupi ya uhasibu itakusaidia sana, maana wapigapicha wengi wenye jicho zuri huanguka kwa kutojua kuandika ankara na kufuatilia deni. Mwambie hivyo, uone kama mtazamo wake hautalegea.

Jambo jingine, nunua vizibo vya masikio. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Ikifika desibeli 100, ni dakika 15 tu. Nawe utakuwa umesimama mbele ya spika usiku kucha.

Dada, klabu ninazopigia picha hapa Nakuru taa zake ni nyekundu na zambarau tupu. Nyuso hazina umbo, na picha nyingine zina mistari. Nina kamera kuukuu na lenzi ya milimita 50, f/1.8. Ninunue nini? – Msomaji wa Section 58, Nakuru

Usinunue kitu. Lenzi hiyo inatosha, maana f/1.8 huingiza mwanga mwingi. Piga faili ghafi (RAW), ambalo kamera haijalibana, badala ya JPEG, na upunguze kidogo mwanga unaoingia kwenye kamera, kwa sababu taa nyekundu hujaza rangi yake kabla kamera haijakuonya. Picha ikikataa kurekebishika, igeuze nyeusi na nyeupe.

Mistari inatokana na taa kuwakawaka kwa kasi usiyoiona kwa macho. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupiga mara 100 kwa sekunde. Weka shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, kwenye 1/100 ya sekunde, na kama kamera yako ina shata ya kimyakimya, izime. Taa nyingine za LED zina mwendo wake. Hizo utazijaribu kabla watu hawajaingia. Kisha mtafute kijana wa taa, umsalimie, umwombe taa nyeupe kwa wimbo mmoja tu. Karibu wote hukubali.

Kwa 1/100 mikono inayosogea itatoka na ukungu. Usiifute picha kwa sababu hiyo. Mwaka 1979, katika ukumbi wa Palladium, New York, mpigapicha Pennie Smith alimpiga picha Paul Simonon wa The Clash, bendi ya roki ya Uingereza, akivunja gitaa lake la besi. Smith mwenyewe hakutaka itumike kwa kuwa ilikuwa na ukungu, lakini bendi ikaiweka kwenye jalada la albamu yao London Calling.

Bendi moja ilinilipa shilingi 3,000 nipige onyesho lao. Sasa picha yangu iko kwenye fulana wanazouza. Nina haki gani? – Mpigapicha, Kakamega

Mliandikiana? Nauliza kwa sababu Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo. Linaniuma kila ninapolieleza, maana vijana wengi hudhani mwenye kamera ndiye mwenye picha. Kama hawakukuagiza, ulijiendea tu na kamera yako, hakimiliki ni yako, hata kama hujaisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Mpigapicha Baron Wolman alilijua hili mapema. Jarida la muziki la Rolling Stone lilipoanza San Francisco mwaka 1967, alikubali kulipigia picha bila mshahara, kwa sharti kwamba picha zibaki zake. Zikamlisha hadi uzeeni.

Kwa hizo fulana, kaa na bendi kwanza, uombe sehemu ya mauzo kwa upole. Kuanzia shoo ijayo, watumie haya kwa ujumbe wa simu na usubiri wajibu "tumekubali" kabla hujabeba kamera: "Hakimiliki ya picha zote inabaki kwa mpigapicha. Bendi inaweza kuzitumia kwenye kurasa zake za mitandao. Jalada, bango na bidhaa za kuuza zitalipiwa kando." Ujumbe huo uhifadhi pamoja na picha zenyewe, kwenye diski mbili zilizowekwa nyumba tofauti.