Diski za Zamani kwenye Kadi ya RAID

SWALI: Ndugu Mtaalamu, ninazo diski mbili za terabaiti 2 kila moja, ambazo nimezitumia kwa miaka kadhaa katika kompyuta yangu ya mezani. Moja imejaa picha na hati za kazi, nyingine sasa ni tupu. Nimepata kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, na ninataka kuziweka katika RAID 1, yaani data ileile iandikwe kwenye diski zote mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee. Je, nikizichomeka tu, data yangu itabaki salama?

JIBU: Kuzichomeka kwenyewe kwa kawaida hakudhuru, hatari huanza pale unapoiagiza kadi iunde safu, yaani iziunganishe diski hizo. Kadi haijui faili wala folda. Kwake diski ni mlolongo wa sekta tu, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, na ikiunda safu huandika kumbukumbu zake, mara nyingi mwishoni mwa diski, kisha huenda ikafuta sehemu ya mwanzo, ambako jedwali la vigawanyo, yaani orodha ya jinsi diski ilivyogawanywa, hukaa. Hata ule uandaaji wa haraka, unaomalizika kwa sekunde chache na kumfanya mtu adhani hakuna kilichoguswa, hutosha kuufanya mfumo endeshi uione diski kuwa tupu. Zipo kadi zenye chaguo la kuunda RAID 1 huku zikihifadhi yaliyomo, lakini simshauri mtu alitegemee bila nakala nyingine pembeni, kwa sababu ukikosea kuchagua diski ya chanzo, kadi itanakili utupu juu ya picha zako bila kukuuliza mara ya pili.

Kwa hiyo nakili kwanza kila kitu kwenye diski ya tatu, hata ya kuazima, ufungue faili kadhaa kuhakikisha zinasomeka, ndipo uunde safu na kurudisha data. Ikiwa diski ya tatu haipatikani kabisa, baadhi ya kadi hukubali diski moja iwekwe kama RAID 0, yaani bila nakala ya pili, kisha iongezewe ya pili na kugeuzwa RAID 1. Ungeanza na ile tupu, ukahamishia data humo, ndipo ukaingiza ile ya zamani. Njia hii inafanya kazi, ila kwa saa kadhaa data yako yote itakuwa imekaa kwenye diski moja kuukuu inayosomwa mfululizo, jambo ambalo binafsi lisingenipa usingizi.

Kabla ya hayo, zipime diski hizo zikiwa bado kwenye kompyuta ya kawaida, kwa kuwa baadhi ya kadi huzificha taarifa za SMART, yaani ripoti ya diski kuhusu afya yake yenyewe. Tazama kipengele namba 5, yaani sekta mbovu zilizokwisha kubadilishwa, na namba 197, sekta zenye shaka zinazosubiri hukumu. Kama namba 197 si sifuri, diski hiyo usiiingize kwenye safu.

Jambo linalowashangaza wengi ni subira. Diski ya mezani ikikuta sekta mbovu inaweza kung’ang’ana kuisoma kwa dakika nzima au zaidi, ilhali kadi nyingi hazingoji kiasi hicho: huihesabu kuwa imekufa na kuitoa kwenye safu, ingawa ni nzima. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya RAID huacha kujaribu baada ya sekunde 7 hivi, kisha kadi husoma sekta hiyo kutoka kwa mwenzake. Baadhi ya diski za mezani huruhusu muda huo upangwe. Nyingine husahau mpangilio kila umeme unapokatika.

Ukubwa hautakusumbua, maana diski zako zinalingana. Zingetofautiana, kadi ingetumia ukubwa wa ile ndogo tu. Andika namba ya kila diski na mlango iliyochomekwa, uibandike ndani ya kasha. Siku moja ikifa, taa nyekundu haitakuambia ni ipi, na kuichomoa ile nzima kwa makosa ni ajali ya kawaida kuliko watu wanavyokiri.