Maswali ya wasomaji: Kaunti inapanua mahabusu ya watoto, tusimame wapi?

SWALI: Habari dada. Mi na familia tuko Iowa tangu tutoke kambini Nyarugusu. Kaunti wametuma karatasi kwenye sanduku la barua, wanataka kujenga jela mpya ya watoto kubwa kuliko ya zamani na kuna kikao cha kutoa maoni. Kanisani tumegawanyika, wengine wanasema tukapinge maana ni vijana wetu weusi ndo watajazwa humo, wengine wanasema vijana wameshindikana bora wawe na pa kuwekwa. Mi nina wavulana watatu, sijui niseme nini. (Baba Furaha, Iowa)

JIBU: Baba Furaha pole na majukumu, na asante kwa kuuliza kabla ya kikao maana wengi huwa wanauliza jengo likishasimama.

Hiyo ni mahabusu, yaani mtoto amekamatwa anasubiri jaji aamue kesi yake, wengi wanakaa siku chache au wiki kadhaa, na akipewa adhabu ndefu mara nyingi anahamishiwa kituo cha jimbo. Kwaiyo idadi ya vitanda inategemea vitu viwili tu, watoto wangapi wanaingizwa kwa mwaka na kila mmoja anakaa siku ngapi. Chukua mfano, watoto 200 kwa mwaka wakikaa wastani wa siku 18 unahitaji vitanda kama 10. Watoto haohao 200 wakikaa siku 30 sababu mahakama inachelewa, au wakili hajapatikana, au hakuna ndugu aliyepatikana wa kumchukua mtoto, tayari unahitaji 16 au 17. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeongezeka hapo! Ni ucheleweshaji tu umegeuka kuwa matofali na kodi yako. Ndo maana mi naona swali la kwanza kikaoni liwe hilo, watoto wanakaa siku ngapi na kwa nini, na wasipokuwa na takwimu hizo mezani basi hiyo namba yao ya vitanda bado haina msingi.

Sasa nao wa kaunti wana sababu zao nyingine za kweli tusiwaonee. Sheria ya taifa ya 1974 ya haki za watoto mahakamani ilirekebishwa 2018, na kuanzia Desemba 2021 hata kijana anayeshtakiwa kama mtu mzima kwa kawaida hatakiwi kuwekwa jela ya watu wazima akisubiri kesi, labda jaji aamue vingine, kwaiyo vijana wenye kesi nzito zinazochukua muda mrefu wakaletwa kwenye mahabusu za watoto. Afu majengo mengine yamechakaa kabisa, na mtoto kulala kwenye jengo bovu sio ushindi kwa yeyote. Kujenga upya kwa ukubwa uleule ni jambo moja, kuongeza mara mbili ni jambo lingine, usikubali wakuchanganyie hayo mawili.

Hapohapo Iowa, kaunti ya Scott pale Davenport walijenga mahabusu mpya ya vitanda 40, zaidi ya mara mbili ya vilivyokuwepo, na wananchi waliuliza hilohilo, mbona vyote hivyo? Ukiangalia nchi nzima, watoto wanaokutwa wamefungiwa siku moja wanapohesabiwa walipungua kwa karibu asilimia 75 kati ya 2000 na 2022. Na hao wa kanisani wanaotaka kupinga wako sawa kuogopa, mtoto mweusi Marekani ana uwezekano zaidi ya mara nne wa kufungiwa kuliko mtoto mzungu.

Uliza na hili, vitanda vitakavyobaki wazi watavifanyia nini. Kaunti nyingi zinakodisha kwa kaunti jirani kwa malipo ya kila siku, ndo bajeti inavyofungwa, halafu mtoto wa watu anapelekwa mbali saa kadhaa na mama yake hana gari. Wafanyakazi je? Kanuni za taifa zinataka mlinzi 1 kwa watoto 8 mchana na 1 kwa 16 usiku, sasa wakikosa watu wa kuajiri vyumba vinafungwa au watoto wanafungiwa vyumbani masaa mengi, na hilo mi linaniuma kuliko ukubwa wa jengo.

Kikaoni huwa wanakupa dakika 2 au 3 tu, andika maswali yako mawili usome. Piga simu mapema ofisi ya kaunti uombe mkalimani wa Kiswahili, usisubiri siku yenyewe. Na nenda na wale wa kanisani wa pande zote mbili, maana hata anayetaka vijana wawe na pa kuwekwa hataki mwanae akae wiki tatu kwa sababu tu faili halijafunguliwa.

SWALI: Dada huku Kent tuliambiwa mahabusu ya watoto Seattle itafungwa 2025, mbona bado ipo? (Mama Neema, Washington)

JIBU: Mama Neema, kaunti ya King, ndo hiyo yenye Seattle na Kent, wapiga kura walikubali Agosti 2012 kodi ya ardhi na nyumba ya miaka 9, dola milioni 210, kujenga kituo kipya chenye mahakama na mahabusu pamoja. Kikapingwa miaka na miaka, maandamano, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo, lakini kikafunguliwa Februari 2020 kina vitanda zaidi ya 100 wakati watoto waliokuwa ndani hawafiki hata nusu ya hivyo. Julai mwaka huohuo Dow Constantine, aliyekuwa mkuu wa kaunti, akaahidi kuigeuza ile mahabusu matumizi mengine ifikapo 2025. Watoto wakaanza kuongezeka tena baada ya korona, zile nyumba ndogo za mtaani zilizotakiwa kuwapokea hazikuwa tayari, na Agosti 2024 baraza la kaunti likapiga kura kibaki wazi. Baraza linapokea maoni ya wananchi kwenye vikao vyake, na cha kuwauliza sasa hivi ni hizo nyumba ndogo zimefikia wapi na zimetengewa pesa kiasi gani kwenye bajeti.