Jibu: Rais akikataa muswada uliopitishwa Dodoma

Mkuu, umeuliza kama Rais akigoma kusaini muswada ndiyo basi. Hapana. Soma Ibara ya 97 ya Katiba ya Tanzania ya 1977. Anaurudisha bungeni pamoja na sababu zake. Bunge likiupitisha tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote na kumpelekea ndani ya miezi sita, ana siku 21 tu: asaini au alivunje Bunge.

Watu wengi huishia hapo, wakidhani wabunge peke yao ndio wanafungasha virago. Ibara ya 38 inasema kiti cha Rais nacho huwa wazi Bunge likivunjwa. Naye anarudi kwa wananchi! Hiyo ni breki kubwa.

Kinachonisumbua ni hizo theluthi mbili. Mawaziri ni wabunge, na mbunge akifukuzwa uanachama wa chama chake anapoteza kiti. Nani atanyanyuka kumpinga Rais? Nimeshakaa jukwaa la wageni pale bungeni mara kadhaa, na kila nikisikia "ndiyooo" ukumbi mzima nafikiria swali hilo. Ibara ya 4 inagawa mamlaka kati ya Serikali, Bunge na Mahakama vizuri kabisa kwenye karatasi, lakini waziri anayepiga kura bungeni anaisimamia Serikali ipi, kama si yake mwenyewe?