Uji wa moto kwenye chupa ya plastiki

Dada wa Uyole, umeuliza kama uji wa moto unaomfungia mwanao kwenye chupa ya plastiki una madhara. Wasiwasi wako una msingi. Baadhi ya plastiki ngumu zina bisfenoli A, kemikali inayojifanya homoni ya kike mwilini, na joto huifanya itoke zaidi. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za kunyonyeshea watoto mwaka 2011. Hiyo yako iliyokwaruzika ndani kwa kusuguliwa, itupe. Baridi ya huko naijua, lakini chupa ya chai ya chuma itautunza uji vizuri tu. Yaliyopita yasikunyime usingizi. Ila dumu lililokuwa na dawa ya kunyunyizia viazi, hata ukilisuuza mara kumi, usiwekee maji ya kunywa; litoboe lisitumike tena.