Kabla ya Kuchagua Chuo cha Uzamili, Mtafute Msimamizi

Vijana wengi wanaoniomba ushauri kuhusu shahada ya uzamili huanza na swali lilelile: chuo gani ni kizuri? Nami huwauliza: unataka kuchunguza nini, na nani atakusimamia? Masomo ya darasani yatakwisha tu, hata mhadhiri awe mgumu vipi. Tasnifu ndiyo inayowakwamisha watu. Rasimu inalala kwa msimamizi muhula mzima, ada inaendelea kudaiwa, na ruhusa ya kazini imeshakwisha.

Mimi nilitaka kusomea mwani, ule unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, ambao maji ya bahari yakizidi joto huugua na kukatika. Nikaanza na makala za kitaalamu: nani anaandika juu ya jambo hili, na yuko wapi? Majina machache yakawa yanajirudia. Baadhi yalikuwa ya watu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Zanzibar, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mengine ya ng'ambo.

Hao ndio niliowaandikia barua pepe, fupi kabisa. Nilijitambulisha, nikataja makala niliyoisoma na swali iliyoniachia, kisha nikauliza kama wanapokea wanafunzi mwaka ule. Mmoja alijibu kwa upole kwamba anakaribia kustaafu. Kwenye tovuti ya chuo chake hilo halikuandikwa popote.

Ukishapata msimamizi anayekubali, watafute wanafunzi wake uwaulize: ukimpelekea sura, inarudi baada ya muda gani? Sijaona swali lenye faida kuliko hilo. Watakujibu kwa uwazi, hasa ukiwapigia simu.

Ufadhili nao una masharti yake, yasome mapema. Chevening ya Uingereza inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, uchague kozi tatu, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka 2. DAAD ya Ujerumani, katika programu zake nyingi, inataka isiwe imepita zaidi ya miaka 6 tangu upate shahada yako ya mwisho. Kwa hiyo anayesema "nifanye kazi kwanza" ahesabu miaka yake vizuri.

Kuhusu wadhamini, yaani watakaokuandikia barua za mapendekezo, usikimbilie profesa mwenye jina kubwa asiyekukumbuka. Mwombe aliyesahihisha kazi zako na anayejua ulivyohangaika nazo. Mpelekee transkripti, wasifu na tarehe ya mwisho wiki kadhaa kabla, kisha mkumbushe kwa adabu. Wahadhiri wetu wana kazi nyingi, na barua iliyoandikwa usiku wa mwisho huonekana tu.

Na kama unakwenda nje, hakikisha kabla ya kulipa chochote kwamba chuo hicho kinatambulika nchini kwake. Ukirudi Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ndiyo itakayoitathmini shahada yako, na mwajiri ataidai barua yao.