Nimekiona, ila kilipo sisemi

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: “Ni kibao gani adimu cha zamani cha namba ya barabara ulichokiona ukisafiri Marekani, na kiko wapi tukakione?” Nusu ya kwanza ya swali sina neno nayo. Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nizime redio nianze kuandika. Kuna msomaji aliyewahi kutaja humu humu ngao ya zamani (kibao cha namba chenye umbo la ngao) ya barabara ya US 66, akaweka namba ya eksiti, jina la mtaa, mpaka rangi ya ukuta. Nilipopita huko baadaye nikakuta nguzo na matundu mawili ya bolti. Simtuhumu yeye, wala simjui aliyekichukua. Lakini kibao kile kilikaa kinapigwa na jua miaka na miaka hakuna aliyekigusa, na kilipotajwa tu, kwaheri.

Kwa hiyo naomba nijibu swali jingine, dogo kuliko lenu: mtu akikiona kitu cha namna hii, aseme kilipo? Mimi nasema hapana. Ngoja nieleze.

Sisi tunaoshika usukani huku namba tunazijua kwa ajili ya kazi. Shufwa inakwenda mashariki na magharibi, witiri inakwenda kaskazini na kusini, basi, unachapa gia. Namba za US, yaani zile za barabara kuu za zamani zinazounganisha majimbo, zilipitishwa mwaka 1926. Za Interstate, zile barabara kuu za mwendo kasi zinazoandikwa kwa I, zilikuja baada ya ile sheria ya barabara aliyoitia saini Rais Eisenhower mwaka 1956, na zikapangwa kinyume makusudi: US 1 iko pwani ya mashariki, I-5 iko pwani ya magharibi, US 10 ilikuwa kaskazini, I-10 iko kusini. Ndiyo maana hazigongani.

Ngao za mwanzo za US hazikuwa kama hizi tunazozipita kila siku. Lilikuwa bati la chuma lililokatwa kwa umbo la ngao yenyewe, jina la jimbo juu ya mstari, chini yake US na namba, na maandishi yote yamegongwa kwa mashine yakatuna, ukiyapitishia kidole unayasoma umefumba macho. Miaka ya 1960 jina la jimbo likaondolewa, ngao ikawa inachorwa nyeupe juu ya kibao cheusi cha mraba. Hicho ndicho tulicho nacho leo karibu kila mahali isipokuwa California, ambao mpaka sasa wanakata umbo la ngao. Wageni wa mambo haya wakiingia California hupiga kelele wakidhani wameokota lulu, kumbe kibao cha juzi.

Florida nao walikuwa na vituko vyao. Kila barabara ya US waliipa rangi yake, US 1 nyekundu, US 41 rangi ya chungwa, mpaka walipoacha mwaka 1993. Ukikuta ngao ya rangi Florida leo, hata iliyopauka, punguza mwendo uitazame. Uitazame wewe, usinipigie simu mimi.

Wizi wa vibao si hadithi ya vijiweni. Barabara ya US 666, ile iliyopita New Mexico, Colorado na Utah, ilibadilishwa namba ikawa US 491 mwaka 2003. Namba yenyewe watu waliiogopa kwa sababu ya Biblia, ndiyo, lakini pia vibao vyake vilikuwa haviwekwi vikakaa. Huko Colorado kwenye I-70 walichoka kurudishia kibao cha maili ya 420, namba ambayo wavuta bangi huitumia kama alama yao, kila vijana walipokibeba, wakaishia kuandika 419.99. Serikali ya jimbo zima inakwepa wezi kwa desimali! Ikiwa bati jipya la juzi halisalimiki, la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia litasalimikaje likishatangazwa gazetini?

Sasa niwape kisa changu.

Tulikuwa wawili kwenye lori, mimi na mzee aliyenifundisha kazi hii, tunapokezana usukani. Upepo uliamka, vumbi likapanda, polisi wakaifunga I-10. Mnaopita njia ile mnakijua kipande kinachofungwa kwa vumbi, na hapo nimeshasema zaidi ya nilivyokusudia. Kituo cha malori kilijaa pomoni. Tulipopata pa kujibana tukafunga milango, tukashuka kutafuta kitu cha moto cha kunywa.

Mji wenyewe ni wa aina mnayoijua. Mtaa mkuu unakwenda sambamba na reli, na huo mtaa zamani ndio uliokuwa barabara kuu kabla Interstate haijapitishwa pembeni. Moteli zimefungwa, kituo cha mafuta hakina pampu, maandishi ya mkahawa yamebaki nusu. Tulikuwa tunatembea tumeinamisha vichwa kwa sababu ya mchanga, Mzee akaingia kichochoroni kando ya gereji kuukimbia upepo. Nikamfuata. Akasimama ameuangalia ukuta.

“Kijana, hebu soma hapa.”

“Nisome nini, Mzee? Hii kutu?”

“Soma kwa kidole.”

Nikaweka kidole. Rangi ilikuwa imechubuka karibu yote, imebaki vipande vyeupe huku na huku kama maganda ya yai. Kwanza nikapata mduara, kisha mduara mwingine juu yake, halafu pembeni kitu kirefu cha yai. Nane na sifuri. Nikapanda juu nikapata mstari, na juu ya mstari palipokuwa na jina la jimbo pamepita risasi, bati limekunjamana, herufi hazisomeki. Na kingo zake zilikuwa zimekatwa kwa umbo la ngao. Si mraba.

Asiyejua US 80 hataona cha ajabu. Barabara ile ilikuwa ikitoka Tybee Island, Georgia, ukingoni mwa Atlantiki, mpaka San Diego kwenye Pasifiki. Kisha ikaanza kukatwa kipande kwa kipande kutoka magharibi, kila Interstate ilipokamilika, na leo inaishia Dallas. Kwa hiyo magharibi ya Dallas ngao ya kawaida ya US 80 haina kazi wala mahali pa kuwa. Hii ilikuwepo, tena mbali sana magharibi ya Dallas. Na kwa jinsi ilivyotengenezwa ilikuwa imetundikwa kabla mimi sijazaliwa.

Mzee akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

“Mle kwenye kichwa cha lori tuna spana,” akasema.

“Mzee, si chetu hiki.”

“Cha nani? Barabara yenyewe haipo. Kitu ambacho mwenyewe hayupo ni cha aliyekiona.”

“Ukuta una mwenyewe.”

“Ukuta sichukui.”

Sikucheka wakati ule. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuondoka mezani bila kulipa chai ya mwenzake, lakini mbele ya lile bati alibadilika kabisa. Akaishika bolti ya chini kwa vidole kuipima kama italegea. Haikulegea, kutu ilikuwa imeshaifanya moja na ukuta. Akaanza kunieleza kwamba nikitia mafuta ya kulegezea na kungoja robo saa itatoka, na mimi nikaanza kumweleza kuhusu leseni yangu ya lori na polisi waliojaa mji mzima kwa ajili ya vumbi, na tukawa tunabishana kwa Kiswahili, sauti juu kwa sababu ya upepo, mpaka mlango wa pembeni ukafunguliwa.

Alikuwa mama wa makamo. Alituona wawili tumejibanza ukutani akadhani tunajificha vumbi, akatukaribisha ndani. Tukaingia. Akatupa kahawa. Mzee, ambaye dakika chache nyuma alikuwa mwizi mtarajiwa, akakaa amekunja mikono mapajani, mpole kabisa. Kisha hakuona haya, akauliza kuhusu kile kibao, kinauzwa kiasi gani.

Yule mama akasema hakiuzwi, na si sisi wa kwanza kuuliza. Gereji ilikuwa ya baba mkwe wake. Alipoirithi akaona lile bati ni uchafu, akawaambia mafundi wa rangi waling'oe pamoja na misumari mingine watakapopaka ukuta. Kabla hawajaanza akapita dereva mmoja, mtu asiyemjua, akasimama pale nje akalitazama kwa muda mrefu, kisha akagonga mlango kumweleza ni nini: mtindo gani, namba gani, kwa nini hakuna zingine. Akaondoka hata jina hakuacha. Mafundi walipokuja wakaambiwa walizunguke. Tulipotoka nikaangalia, na kweli, rangi mpya ya ukuta inafuata kingo za ngao kwa uangalifu, brashi imepita pole pole kwenye zile kona mbili za juu.

Barabara ilipofunguliwa Mzee aliendesha, na alibishana nami maili nyingi. Alisema kwake kingekuwa ndani, hakinyeshewi, hakipigwi risasi na mlevi, na kwamba mimi nimekiachia jua kikafie pale. Hoja hiyo si ya kipuuzi, na sijapata jibu lake zuri. Nilichomwambia ni kwamba kikiwa ukutani kwake kitakuwa bati lenye namba. Pale kichochoroni kimesimama kwenye barabara ile ile iliyokuwa na namba ile. Akasema, “Barabara gani? Ule mtaa una mbwa watatu na moteli mbovu.” Hapo nikacheka.

Nilipoanza kuandika, Mhariri, kisa hiki nilikileta kama ushahidi wa kufunga mdomo. Nimekisoma tena na naona hakishuhudii hivyo. Lile bati halikuokolewa na siri. Siri ndiyo ilikaribia kuliua, maana mwenye ukuta hakujua ana nini. Lililoliokoa ni dereva aliyefungua mdomo.

Na ukifikiri, wezi si wengi kiasi hicho. Wanaoondoa vibao vya zamani zaidi ni mafundi wa barabara wenyewe, wakiwa kazini. Tangu mwaka 2008 serikali ya Marekani ina kanuni ya kiwango cha chini cha kuakisi mwanga usiku, na mamlaka za barabara zinatakiwa kuwa na utaratibu wa kukilinda. Kibao kisichowaka kwenye taa kinashushwa. Vile vya herufi zenye gololi za kioo, ambazo taa ikizipiga zinametameta moja moja, vimekwenda kwa mtindo huo. Fundi hana kosa. Mimi mwenyewe saa nane ya usiku, mvua inanyesha, tela limejaa na njia panda imenikaribia, sitaki ngao ya kihistoria. Nataka kibao kipya kinachowaka kama mchana. Kwa vile vilivyoko kwenye barabara inayotumika kwa kasi, hapo mimi dereva namshinda mimi mpenda vibao: vishushwe, na kama kuna jumba la makumbusho la kuvipokea, vizuri zaidi.

Vilivyosalia ni hivi vya mitaa iliyorukwa, kuta za gereji, nguzo za mbao chini ya madaraja ya reli, mahali ambapo jimbo liliukabidhi mtaa kwa mji na mji ukasahau kwamba una kibao. Hivyo havimdhuru mtu. Kwa hivyo, ndiyo, sasa nasema visemwe. Lakini aambiwe kwanza mwenye ukuta, uso kwa uso, kabla ya gazeti. Kama kiko kwenye nguzo ya serikali aambiwe mtu wa mji ule, si dunia nzima. Namba ya eksiti isichapishwe, hapo sirudi nyuma, labda kwa kile ambacho kiko juu sana hata ngazi haifiki. Na ya yule msomaji wa US 66 bado yananiuma, ingawa sasa najiuliza kama asingetaja, mimi ningekijuaje mpaka nikaenda kukitafuta.

Najua kwamba kwa haya niliyoandika, mtu mwenye ramani na akili ya barabara ameshapapata mahali penyewe. Nilifikiria kukifuta kile kipande cha vumbi. Kiacheni. Anayepajua apite mchana, abishe hodi mlangoni, anywe kahawa akipewa, na spana aiache garini. Bolti zenyewe hazitoki.

Picha ninayo. Nitaituma mkinihakikishia kwamba mtakata upande wa kushoto, penye jina la gereji na namba ya simu.

Dereva wa masafa marefu