Je, Ni Umaskini Peke Yake Unaomfanya Mtu Aihame Nchi Yake?

SWALI: Kila ninaposoma habari za watu wanaohamia nchi nyingine, sababu inayotajwa ni umaskini. Ikiwa ndivyo, mbona maskini walio wengi wamebaki makwao? Na je, mhamiaji na mkimbizi ni watu wawili tofauti, au ni majina mawili ya mtu mmoja?

JIBU: Ndugu msomaji, mashaka yako yana msingi. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2020 watu wapatao milioni 281 walikuwa wakiishi nje ya nchi walikozaliwa. Idadi hiyo ni kubwa, lakini haifikii watu 4 katika kila 100 duniani. Walio wengi, wakiwemo maskini wa kutupwa, hawajavuka mpaka wowote.

Kuhama kunagharimu. Kuna pasipoti, viza, nauli, na fedha za kujikimu miezi ya mwanzo kabla kazi haijapatikana. Asiyejua atakula nini kesho atazitoa wapi? Ndiyo maana watafiti wa uhamiaji wameona mara nyingi kwamba nchi maskini sana inapoanza kuinuka kiuchumi, wanaoondoka huongezeka kwanza, kwa kuwa sasa wapo wenye elimu kidogo na akiba kidogo ya kuwawezesha kusafiri, na idadi hiyo huja kupungua baadaye sana, maisha ya nyumbani yakishatengemaa.

Tena uamuzi wenyewe aghalabu si wa mtu mmoja. Familia huketi, ikahesabu ilicho nacho, ikauza kipande cha ardhi au kukopa, kisha ikamchagua mmoja wao, mara nyingi kijana mwenye afya na asiye na mtoto mchanga, aende kwa niaba ya wote. Anapoanza kutuma fedha, ada za shule hulipwa na deni hupungua. Na mahali anapokwenda hapachaguliwi kwa kutazama ramani. Huko kuna binamu au jirani aliyetangulia, ambaye siku moja aliandika kwenye simu: “Njoo, wanatafuta watu, utalala kwangu.” Kwa maoni yangu, ujumbe huo mfupi una uzito kuliko tofauti yoyote ya mishahara, na ndio unaoeleza kwa nini watu wa kijiji kimoja hukutwa wakiishi mtaa mmoja katika mji wa ugenini.

Kuna upande mwingine ambao husahaulika, nao ni kwamba nchi zinazopokea huwaita watu. Mwaka 1961 Ujerumani Magharibi, ambayo viwanda vyake vilikuwa na upungufu wa wafanyakazi, ilitiliana mkataba na Uturuki wa kuandikisha vibarua. Waliitwa wafanyakazi wageni, na wao wenyewe pia walitarajia kurudi baada ya miaka michache. Wengi walirudi kweli. Lakini uandikishaji ulipositishwa mwaka 1973, waliokuwa bado Ujerumani walijua kwamba atakayeondoka huenda asiruhusiwe kuingia tena. Basi wengi wao wakabaki, wakawaita wake, waume na watoto wao. Mlango uliofungwa ili kupunguza wageni ukawafanya wakae moja kwa moja, na naona inasikitisha kwamba somo hilo halizingatiwi kila sheria mpya ya mipaka inapotungwa.

Kuhusu sehemu ya pili ya swali lako, sheria inawatenganisha. Mkataba wa mwaka 1951 unaohusu Hadhi ya Wakimbizi unamtambua kuwa mkimbizi mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini, utaifa, kundi la kijamii alimo au msimamo wake wa kisiasa, na unakataza kumrudisha mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini. Njaa haimo katika orodha hiyo, wala ukame. Lakini kumbuka Ireland, ambako ugonjwa wa viazi ulioanza mwaka 1845 ulileta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwafanya wengine zaidi ya milioni moja kuhama katika miaka iliyofuata. Sidhani kuna mwenye moyo atakayesema kwamba hao walifuata mishahara tu.

Katika maisha halisi mstari huo hufifia. Mfikirie fundi seremala ambaye karakana yake imechomwa moto vitani kwa sababu ya dini yake. Anavuka mpaka na watoto wake hadi nchi jirani, kama wafanyavyo wakimbizi walio wengi, na huko kambini anaitwa mkimbizi. Inapita miaka miwili. Haruhusiwi kufanya kazi, watoto hawasomi, na randa aliyoiokoa imeanza kushika kutu. Anaondoka kwenda nchi ya tatu kutafuta kazi, na huko anaitwa mhamiaji wa kiuchumi, ingawa ni mtu yule yule na mfuko ni ule ule. Kuitafuta kazi hakukumfutia hadhi yake ya awali, kwa maana linaloangaliwa kisheria ni kama hofu iliyomkimbiza ingali ipo iwapo atarudishwa kwao.